Farasi Sitini Walitoka Wapi?

Kuna swali nimelibeba kwa miezi kadhaa na haliniachi: mtu anaweza kudanganya kwa kutumia nambari ya kweli? Sizungumzii nambari ya kubuni. Hiyo ni rahisi, uongo ni uongo. Nazungumzia nambari iliyotoka kwenye mashine, ikachapishwa kwenye karatasi yenye tarehe, ikasomwa kwa sauti vile ilivyo, na bado aliyeisikia akaondoka akiamini kitu ambacho hakipo.

Swali hili sikulitoa darasani. Nililikuta kwenye magari. Gari la heshima hapa Garissa ni Land Cruiser piki ap, ile 79, na baada yake Probox, ambayo inaheshimiwa na kuogopwa kwa wakati mmoja. Ukitaka kujua kwa nini, simama dakika kumi kando ya barabara ya Dadaab au ile ya Modogashe uone kinachopita. Land Cruiser inabeba miraa, maji, mbuzi, maharusi, askari na wagonjwa, mara nyingine viwili au vitatu vya hivyo kwa safari moja. Watu wanazijua injini zake kama wanavyozijua koo. Na siku hizi kuna vijana wanaozibadilisha: wanafunga turbo mahali ambapo kiwandani hapakuwa na turbo, wanafungua pampu ya dizeli kidogo, wanaweka ekzosi pana. Kisha wanavuka daraja la Tana kwenda Nairobi (wazee bado husema wanaenda "Kenya", na hawatanii) na wanarudi na karatasi ya daino.

Karatasi hiyo ina nguvu ya ajabu. Wanaume wanaweza kubishana kibarazani kutoka alasiri hadi magharibi kuhusu gari gani lina nguvu, lakini mmoja akitoa karatasi yenye mstari unaopanda na nambari nyekundu kubwa, wote wananyamaza. Nambari imesema. Ndani ya huo ukimya ndimo kuna shida yangu.

Kwa asiyeijua daino, ni hivi. Gari linapandishwa juu ya rola, linafungwa kwa mikanda lisije likaruka, na feni inawekwa mbele. Dereva anaingiza gia, mara nyingi ya nne, kisha anakanyaga mafuta hadi mwisho. Magurudumu yanazungusha rola, gari lenyewe halitoki pale. Kuna mashine ambazo rola yake ni pipa zito la chuma. Kompyuta inatazama tu pipa linaongeza kasi upesi kiasi gani, na kwa kuwa uzito wake unajulikana, nguvu inakokotolewa kutoka hapo. Nyingine zina breki ya umeme inayoikaba rola, na zinapima jinsi gari linavyopambana na hiyo breki. Pandisha gari moja kwenye mashine hizi mbili asubuhi moja, utapata nambari mbili tofauti, na hakuna mashine iliyoharibika. Badilisha upepo wa tairi, kaza mikanda zaidi, rudia mbio injini ikiwa bado ya moto, utapata nyingine tena. Mbio nzima inachukua sekunde kumi na kitu.

Na kuna jambo moja ambalo wengi hulisahau: rola haiioni injini, inaiona tairi. Kinachofika pale ni kilichobaki baada ya giaboksi, propela na difu kula sehemu yao.

Farasi nao wana historia yao. James Watt, Mskoti wa zile injini za mvuke, ndiye aliyepiga hesabu ya farasi mmoja katika miaka ya 1780: ratili 33,000 zinazoinuliwa futi moja kwa dakika moja, ambazo leo ni wati 746 hivi. Aliihitaji hesabu hiyo kwa sababu wateja wake walikuwa na farasi na yeye alikuwa akiwauzia mashine. Yaani kipimo chenyewe kilizaliwa mdomoni mwa muuzaji. Angekuwa na karakana hapa Garissa, leo tungehesabu ngamia, na nadhani tungekuwa makini zaidi, kwa sababu huku kila mtu anajua ngamia wawili hawalingani.

Sasa kisa chenyewe. Abti yangu, ndugu wa mama, ni dereva wa miaka mingi. Aliamua kuacha kuendesha gari la mtu na kununua lake. Dalali akamletea Land Cruiser 79 yenye injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2, silinda sita, iliyofungwa turbo. Bei ilikuwa laki tatu na nusu juu ya gari la kawaida la umri ule, na sababu iliyotolewa ilikuwa karatasi. Abti aliipiga picha akanitumia. Mimi ndiye huitwa msomi kwenye ukoo, ingawa chuo nilikiacha mwaka wa pili karo ilipokataa kutimia. Kisha akapiga simu.

"Abti," akaniambia, maana kwa Kisomali mjomba na mpwa huitana jina hilohilo, "wanasema hii ni farasi 188. Ya kawaida ni ngapi?"

Nikamwambia kiwandani 1HZ hutoka na kama 130.

"Basi hii imeongezewa karibu sitini. Si ndiyo?"

Nikamwomba anipe siku moja. Niliikuza ile picha kwenye simu mpaka herufi zikaanza kupasuka. Katikati, kwa rangi nyekundu, kulikuwa na 157. Chini yake mtu alikuwa ameandika kwa biro: "Injini: 188". Na kwenye kona, kwa herufi ndogo kama zile za chini ya tangazo la mkopo, kulikuwa na "SAE 1.23".

Hiyo 1.23 ndiyo kiini cha makala hii, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Injini inapumua. Hewa ikiwa nyepesi, inachoma mafuta kidogo na nguvu inashuka. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ina presha ya kama kilopaskali 83. Ili gari lililopimwa Nairobi liweze kulinganishwa na lililopimwa Mombasa au Tokyo, wahandisi waliweka hali moja ya kufikirika ambayo kila kipimo kinarudishwa kwake. Ile ya SAE, chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, ni nyuzi joto 25 na hewa kavu yenye presha ya kilopaskali 99. Kompyuta inachukua nguvu iliyopimwa na kuizidisha kwa kiwango cha masahihisho. Kwa Nairobi kiwango hicho huwa kikubwa. Karatasi ya abti iliipa 1.23.

Kwa hiyo rola yenyewe ilipata 128. Hao ndio farasi waliokuwepo pale, siku ile, kwenye tairi. Zidisha kwa 1.23, unapata 157. Kisha mtu akasema kati ya injini na tairi hupotea kama asilimia 20, akazidisha 157 kwa 1.2, akapata 188. Kutoka 128 hadi 188. Farasi sitini, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukanyaga rola.

Kwa bahati mbaya wako sawasawa na wale sitini abti aliowahesabu kuwa kazi ya turbo.

Turudi hatua kwa hatua, maana kila hatua ina utetezi wake. Kusahihisha kwa ajili ya mwinuko ni jambo la haki. Fundi wa Nairobi asidharauliwe kwa sababu ya hewa. Lakini hesabu ile iliundwa kwa injini ya petroli inayovuta hewa yenyewe bila msaada. Dizeli ina hesabu yake tofauti. Na turbo ni kifaa cha kusukuma hewa kwa nguvu, kwa hiyo sehemu nzuri ya upungufu wa mwinuko imeshajazwa kabla kompyuta haijaanza kusahihisha. Ukiipa injini ya turbo masahihisho kamili ya Nairobi, umemlipa mtu mara mbili kwa kazi moja. Na ile 20 ya mwisho ni makadirio. Wengine husema 15, wengine 25, ikitegemea nani anauza nini.

Kuna kejeli hapa ambayo ilinichekesha peke yangu usiku ule. Garissa iko mita 150 hivi tu juu ya bahari. Presha ya hewa yetu inakaribia ile kilopaskali 99 ya kitabu. Hewa tunayopumua ndiyo karibu hewa ya kipimo, isipokuwa joto. Gari hili lingepimwa hapa mchana wa nyuzi 36, masahihisho yangekuwa asilimia chache tu na ubishi ungepungua. Ila mashine hiyo sijawahi kuiona upande huu wa Mto Tana. Tunapimwa kule, kisha nambari inarudi nyumbani ikiwa imevaa nguo za kule.

Niliipigia simu ile karakana. Aliyepokea alikuwa kijana mstaarabu, hakuficha lolote. Alisema mashine yao huweka masahihisho yenyewe, 157 ndiyo iliyotoka, na kiwango kiko pale kwenye kona kwa yeyote anayetaka kusoma. Kweli kabisa. Muuzaji alisema yeye alizidisha tu ili kupata nguvu ya injini, kwa sababu hata Toyota wanapotangaza farasi wanataja za injini, si za tairi. Kweli pia. Dalali alisema alisoma kilichoandikwa. "Nimesema uongo wapi?" aliniuliza, na hakuwa akijifanya. Aliuliza kama mtu anayetaka kuonyeshwa.

Watu watatu, kauli tatu za kweli, na abti anakaribia kulipa laki tatu na nusu kwa kitu ambacho hakipo. Uongo uko wapi?

Jibu la kwanza linalokuja ni kwamba uongo hauko popote, abti angesoma kona. Mnunuzi na ajihadhari. Nimelisikia jibu hili sana kwa marafiki zangu wa Nairobi, na lina mvuto wake, linamheshimu mnunuzi kama mtu mzima. Lakini linasahau kwamba ile kona iliandikwa kwa lugha ya watu waliokuwa kwenye karakana. Abti anaweza kusikia beringi inayoanza kufa kabla hujaiona, kwa mlio tu, gari likiwa mita hamsini. Anajua mengi kuhusu Land Cruiser kuliko watu wote watatu wakijumlishwa. Lakini "SAE 1.23" kwake ni kama namba ya chasi, ni kitu kilichopo kwa ajili ya watu wa ofisi.

Wazee wetu wana kisa wanachokitoa haraka kwenye mambo ya soko, na walikitoa hapa pia. Mtume alipita kwa muuza nafaka, akaingiza mkono ndani ya lundo, vidole vikatoka na unyevu. Muuzaji akasema mvua iliinyeshea. Akaulizwa kwa nini basi ile iliyolowa haikuwekwa juu watu waione. Nimekisikia kisa hiki tangu nikiwa duksi, na kwa miaka yote nilidhani ni kisa cha mtu mwongo. Nikikitazama sasa, yule muuzaji hakusema neno lolote la uongo. Kila punje ya juu ilikuwa kavu kwelikweli. Kosa lilikuwa katika mpangilio: nini kimewekwa juu na nini chini.

Karatasi ya daino ni lundo la nafaka. 157 iko juu, nyekundu. 128 haikuchapishwa kabisa, lazima uichimbe kwa kugawanya. Na 1.23 iko kwenye kona yenye kivuli.

Kwa hiyo nashikilia hivi: anayejua masharti ya nambari anadaiwa masharti hayo pamoja na nambari. Asiyeyajua, kama dalali, anadaiwa kusema kwamba hayajui. Na deni linakua kadiri msikilizaji anavyokuwa mbali na mashine. Fundi akimwambia fundi mwenzake "nimepata 157" hajamdanganya, kwa sababu mwenzake atauliza papo hapo mashine gani, masahihisho gani, siku ile ile kabla ya turbo ulipata ngapi? Maneno yaleyale yakisemwa kwa dereva wa Garissa yanakuwa kitu kingine. Shuleni tulichapwa kwa kusahau kuandika vizio, mita au kilo. Hakuna mwalimu aliyetuchapa kwa kusahau kuandika ni wapi, lini, na nani alishika rula.

Najua hapa msomaji mmoja atasema nambari zote basi ni takataka, bora macho na masikio. Hapana, tafadhali. Nenda soko la mifugo la Garissa, mojawapo ya makubwa katika kanda hii yote, uone jinsi ng'ombe anavyouzwa. Kwa macho. Hakuna mizani. Mnunuzi anamzunguka, anamkamata nundu, anamtazama mgongo, na kilo zinakadiriwa kichwani. Ni ujuzi mzuri, ukiutazama unaweza kuuandikia shairi. Lakini mfugaji aliyetembea siku nne, ana mtoto anayesubiri karo, na ng'ombe wake amekonda njiani, naye hukadiriwa kwa macho hayohayo, na mwenye macho makali ndiye mwenye pesa. Mizani ingemsaidia yule mnyonge. Nambari ni silaha ya mnyonge pia, si ya dalali peke yake.

Hata daino imewahi kufanya kazi hiyo. Mwaka 1999 Ford walitangaza Mustang Cobra yenye farasi 320. Wanunuzi Marekani wakazipeleka kwenye rola wenyewe, nambari zikagoma kufika. Kelele zikawa nyingi, kampuni ikasimamisha mauzo na kuyaita magari yarudi yarekebishwe. Watu wa kawaida, kwa mashine ya mtaani, walilishika kampuni kubwa mkono. Bila nambari wangeambiwa wanahisi vibaya.

Na kuna nambari zinazodanganya kwa kushuka. Kila mtoto wa Kenya anayependa magari ameona Skyline GT-R au Supra kwenye karatasi za Japani zikiwa na farasi 280, zote, kama sare ya shule. Hazikuwa 280. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1980 hadi 2004 watengenezaji wa Japani walikuwa na mapatano ya kutotangaza zaidi ya hapo, ili wasionekane wanachochea mwendo wa kasi. Magari yakaendelea kuongezewa nguvu, karatasi ikabaki palepale. Sijui tumwite nani mwongo kwenye hilo. Mnunuzi alipata zaidi ya alichoahidiwa, nia ilikuwa usalama, na wote waliohusika walijua. Bado nadhani kitu kiliharibika: baada ya muda 280 ilikoma kuwa kipimo ikawa adabu. Na mtu aliyeizoea nambari kama adabu atakuwa mwepesi kuizoea kama pambo.

Kisa cha Volkswagen ndicho kibaya zaidi na nadhani ndicho kinatufunza zaidi, ingawa hapo kilichopimwa kilikuwa moshi, si farasi. Septemba 2015 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilitangaza kwamba magari yao ya dizeli yalikuwa na programu inayotambua kwamba gari liko kwenye rola za majaribio. Likiwa kwenye rola, lilitoa moshi safi. Likirudi barabarani, gesi chafu ilipanda hadi mara 40 ya kiwango kinachoruhusiwa. Ulimwenguni magari kama milioni 11 yalikuwa na programu hiyo. Waliogundua mambo ni watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia, waliofunga vifaa nyuma ya gari na kuliendesha barabarani kama mtu yeyote. Yaani gari lilijifunza tabia ya mwanafunzi anayejua siku ya mtihani. Nambari za rola zilikuwa sahihi. Zilipima kwa usahihi kabisa namna gari linavyokuwa linapopimwa.

Hapo ndipo ninapoanza kushuku hata 128. Ni kweli, ndiyo. Lakini ni kweli ya sekunde kumi na kitu, feni ikiwa usoni, tangi likiwa na mafuta kidogo, bila mzigo. Kutoka hapa kwenda Wajir ni zaidi ya kilomita 300. Mchana joto linaruka kutoka lami kama kutoka kwenye chungu, na gari limebeba mpaka springi zimenyooka. Turbo inasukuma hewa ya moto kwenye injini ambayo Toyota hawakuipanga kubeba turbo. Swali la abti kule si farasi wangapi. Ni rejeta itastahimili? Nguvu inaanza kuja kwenye mizunguko 1,500 au mpaka injini ipige kelele? Joto la moshi wa ekzosi linafika wapi ukipanda mchanga na gia ya pili kwa nusu saa? Kilele cha mstari kwenye karatasi kiko karibu na mizunguko 3,600, mahali ambapo dereva mwenye akili hafiki mara nyingi na mzigo. Mstari mzima ungemwambia mengi. Nambari moja kubwa nyekundu ilimfanya asiutazame mstari.

Niseme pia kitu ambacho watu wa huku watanielewa haraka. Sisi tunajua kusahihishwa. Agosti 2010 serikali ilipotangaza matokeo ya sensa ya 2009, ilifuta ya wilaya nane. Tano zilikuwa za Kaskazini Mashariki: Lagdera, Wajir East, Mandera East, Mandera Central na Mandera West. Nyingine tatu zilikuwa Turkana. Mkoa ulikuwa umehesabiwa watu elfu 962 hivi mwaka 1999, sasa walikuwa milioni 2.3, na serikali ikasema vizazi na vifo haviwezi kueleza ongezeko kama hilo. Kesi zikaenda mahakamani, na hata matokeo ya 2019 ya kaunti za huku yakaishia huko. Sina nia ya kuamua hapa nani alihesabu vizuri. Huenda kulikuwa na majina ya ziada, huenda miaka ya nyuma hatukuhesabiwa sawasawa, huenda vyote viwili. Ninachotazama ni umbo la hoja. Kuna kilichohesabiwa, na kuna kile ambacho mtu fulani anasema kilipaswa kuhesabiwa kama hali ingekuwa ya kawaida. Kawaida ya nani? Viti vya bunge na pesa za kaunti hufuata jibu la swali hilo.

Ndiyo maana siwezi kulichukulia neno "masahihisho" kama jambo la ufundi tu. Kila masahihisho yana mtu aliyechagua hali ya kawaida ni ipi. Kwa magari ni nyuzi 25 na presha fulani, sawa, hilo limekubaliwa mezani na wahandisi wakaliandika. Linaweza kukaguliwa, na ndiyo uzuri wake: unaweza kugawanya 157 kwa 1.23 na kurudi kwenye kile kilichotokea. Ile 1.2 ya biro huwezi kuikagua. Ilitoka kwa mtu aliyetaka kufika mahali fulani akatafuta njia.

Nilimweleza abti yote haya kwa simu, kwa muda mrefu, Kiswahili na Kisomali vikipishana. Alinisikiliza kimya, kisha akauliza swali ambalo lilikuwa bora kuliko maelezo yangu yote.

"Kabla hawajafunga turbo, walilipima?"

Hawakuwa wamelipima. Au kama walilipima, karatasi hiyo haikuja Garissa. Na hilo ndilo jambo ambalo daino inaliweza vizuri kuliko lingine lolote: gari lilelile, mashine ileile, siku ileile, kabla na baada. Tofauti kati ya mbio hizo mbili ni kazi ya fundi, hewa iwe ya Nairobi au ya mwezini, kwa sababu hewa ni moja kwa zote mbili. Muuzaji alikuwa anauza tofauti, na tofauti ndiyo kitu pekee ambacho hakikupimwa.

Abti alirudi kwa dalali, akakaa, akanywa chai, na kwa namna ya watu wa rika lake hakumwita mtu yeyote mwongo. Alisema tu kwamba yeye ananunua farasi walioonekana. Wale wengine waje kwanza awaone. Bei ilishuka laki mbili na ishirini. Alilichukua gari, kwa sababu ni gari zuri. 128 kwenye tairi, kwa hewa ya Nairobi, kutoka kwa 1HZ si mchezo. Ya kawaida, ukitoa kinacholiwa njiani, ingebaki na 104 hadi 110 hata kwenye hewa ya kitabu. Wakati wote huo lilikuwa gari zuri. Hakukuwa na haja ya wale sitini.

Hilo ndilo bado linanisumbua. Niliporudi kumpigia yule kijana wa karakana, nilimuuliza kwa nini wasichapishe zote mbili, ya rola na iliyosahihishwa, kwa herufi za ukubwa mmoja. Ni kubonyeza mara moja tu kwenye programu, alikubali. Waliwahi kufanya hivyo. Wateja walilalamika. Mmoja alikuwa ametumia pesa nyingi kwa Subaru yake, akatazama ile nambari ya rola mbele ya marafiki zake waliokuja kushuhudia, akasema mashine imeharibika. Jioni hiyohiyo alilipeleka gari kwenye daino nyingine ng'ambo ya mji, akapata nambari aliyoipenda, na hiyo ndiyo iliyoenda Instagram.